Simu Mkononi, Siri Moyoni: Uhalifu wa Mtandaoni dhidi ya Watoto na Nafasi ya Mhudumu wa Afya

Kagongwa ni mji wa mpunga na barabara. Uko katika Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga, kando ya njia kuu itokayo Isaka kuelekea Kahama na kuendelea hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Mashine za kukoboa mpunga hunguruma mchana kutwa, malori husubiri kupakia mchele, na wanunuzi huja kutoka mikoa mingine na nchi za jirani. Mbele kidogo umelala ukanda wa dhahabu: Bulyanhulu katika Msalala, kisha Geita, na katikati yake machimbo mengi ya wachimbaji wadogo. Fedha hupita hapa kwa wingi. Pamoja nazo hupita wageni wasiojulikana kwao, na pembeni mwao zimeota nyumba za kulala wageni, vibanda vya wakala wa fedha, mafundi wa simu na vijana wauzao laini.

Katika mji wa namna hii mzazi amezoea kumwonya binti yake dhidi ya dereva wa lori na mchimbaji aliyepata fedha za ghafla. Onyo hilo lina sababu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu ajira ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Shinyanga na Mbeya, na pamoja na hatari ya zebaki na mashimo, lilieleza jinsi wasichana waishio karibu na machimbo walivyosumbuliwa kingono na kushawishiwa kuuza miili yao. Tangu hapo, hata hivyo, mlango mwingine umefunguliwa ndani ya nyumba yenyewe. Mtoto aweza kuwa amelala chumba kimoja na bibi yake, mlango umefungwa kwa komeo, huku mtu mzima akizungumza naye hadi usiku wa manane kupitia simu iliyo chini ya shuka.

Makala haya yanawaletea wahudumu wa afya, wagonjwa na wazazi yale ambayo utafiti wa uhalifu umebainisha kuhusu jambo hili. Hoja yake ni moja: silaha kuu ya mhalifu wa mtandaoni ni kimya cha mtoto, na chumba cha matibabu ni miongoni mwa mahali pachache ambapo kimya hicho kinaweza kuvunjwa kwa usalama.

Utafiti unasema nini

Tanzania ilianza kuhesabu majeraha haya mapema kuliko nchi nyingi. Mwaka 2009, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, UNICEF na taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, zilishirikiana katika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, kwa kuwahoji vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Takwimu inayotuhusu zaidi sisi wa sekta ya afya ni ile ya kimya. Kati ya wasichana waliotendewa ukatili huo, takriban nusu ndio waliomwambia mtu yeyote. Takriban mmoja katika watano alitafuta huduma, na mmoja katika kumi ndiye aliyeipata. Kwa wavulana hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa mvulana huona haya maradufu: haya ya kutendewa, na haya ya kuonekana kwamba hakuweza kujitetea.

Wakati huo simu janja zilikuwa bado nadra. Zaidi ya miaka kumi baadaye, ECPAT, INTERPOL na Innocenti, ofisi ya utafiti ya UNICEF, ziliendesha utafiti uitwao Disrupting Harm katika nchi 13 za Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki, Tanzania ikiwemo. Ripoti ya Tanzania ilitoka mwaka 2022. Ilikuta kwamba asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 walikuwa watumiaji wa intaneti. Miongoni mwa watumiaji hao, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa unyonyaji au ukatili wa kingono ulio dhahiri mtandaoni katika mwaka mmoja uliotangulia mahojiano: kutishiwa ili washiriki vitendo vya ngono, picha zao za faragha kusambazwa bila ridhaa, au kuahidiwa fedha na zawadi kwa ajili hiyo.

Asilimia 4 huonekana ndogo mpaka ihesabiwe kwa vichwa. Watafiti walikadiria kwamba ni sawa na watoto 200,000 kwa mwaka mmoja tu. Nao hao ni wale waliokubali kueleza mbele ya mtafiti; wapo ambao hawakufumbua mdomo.

Mambo matatu yanapokutana

Mwaka 1979 wanazuoni wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walitoa maelezo ya uhalifu ambayo mpaka leo hutumika kufundishia. Walisema kwamba uhalifu hutokea pale mambo matatu yanapokutana mahali pamoja na wakati mmoja: mtu mwenye nia mbaya, mlengwa anayefikika, na kukosekana kwa mlinzi anayeweza kuzuia. Ondoa moja, na uhalifu hukwama.

Kila mkaazi wa Kagongwa anaweza kuyaona mambo hayo matatu bila kitabu. Wakati wa mavuno, baba yuko kwenye mashine au safarini na mzigo; mama yuko sokoni au shambani; kaka mkubwa amekwenda machimboni. Mtoto amebaki na bibi ambaye simu yake ni ya kitochi, na ambaye hajui kwamba ile nyingine iliyo mkononi mwa mjukuu inaweza kupiga picha na kuituma kabla hajamaliza kuitikia shikamoo. Laini ya simu hiyo pengine imesajiliwa kwa jina la mjomba. Mlinzi yupo nyumbani, lakini ulinzi wake hauoni kinachopita kwenye kioo.

Hata hivyo, maelezo ya Cohen na Felson yana faida ya kutia matumaini. Hatuna uwezo wa kuwamaliza wenye nia mbaya wote, wala hatuwezi kuirudisha nchi katika zama zisizo na simu. Tunachoweza ni kuongeza walinzi. Mlinzi anaweza kuwa mwalimu wa malezi, mwenyekiti wa mtaa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au muuguzi anayejua swali la kuuliza.

Kikulacho ki nguoni mwako

Picha iliyomo katika vichwa vya wengi ni ya mhalifu aliye mbali: mgeni wa nchi nyingine, aliyejificha nyuma ya jina la bandia, akijifanya kijana wa miaka kumi na sita. Wahalifu wa namna hiyo wapo, na wengine hufanya kazi kwa makundi, wakiwatishia hasa wavulana ili wapate fedha. Lakini utafiti unaonyesha kwamba hao si wengi kama tunavyodhani.

Mwaka 2004, Janis Wolak, David Finkelhor na Kimberly Mitchell wa Chuo Kikuu cha New Hampshire walichapisha uchambuzi wa kesi zilizofikishwa polisi nchini Marekani, ambamo watu wazima waliwadhuru watoto waliokutana nao kwanza mtandaoni. Ni asilimia 5 tu ya wahalifu waliojifanya rika la mtoto. Wengine walijulikana tangu mwanzo kuwa watu wazima. Waliwanasa watoto kwa upole, kwa maneno ya mapenzi, kwa kuwasikiliza pale ambapo nyumbani hapakuwa na wa kuwasikiliza. Nao utafiti wa Disrupting Harm ulikuta kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto kupitia mtandao ni mtu ambaye mtoto alimfahamu tayari: rafiki, mpenzi, jirani, ndugu.

Kwa hiyo uhalifu wa mtandaoni na ule wa mtaani ni mto mmoja wenye mikono miwili. Kijana wa bodaboda anayempeleka binti shuleni ndiye anayemtumia bando usiku. Fundi aliyepewa simu kurekebisha kioo ndiye aliyekuta picha ndani yake na kuzihifadhi. Shemeji aliyemnunulia simu ndiye anayedai malipo ya zawadi yake. Mzazi anayemwogopa mgeni wa mbali peke yake anafunga dirisha na kuuacha mlango wazi.

Jinsi mtego unavyotegwa

Wataalamu wa uhalifu wanaeleza kwamba kumrubuni mtoto ni kazi ya hatua kwa hatua, na kila hatua huonekana ndogo. Kwanza huja wema: salamu, sifa, vocha ya bando, fedha ndogo kwa ajili ya chakula cha shule. Kisha huja siri: “Usimwambie mtu, hawatatuelewa.” Baada ya siri huja ombi la picha, kwanza ya uso, kisha ya zaidi ya uso. Na picha ikishafika, wema hukoma na vitisho huanza. Mtoto huambiwa atume nyingine, au akutane na mtu huyo mahali fulani, au alipe fedha. La sivyo, picha itapelekwa kwa mama yake, kwa mwalimu mkuu, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Hapo ndipo mtoto anapofungwa kwa kamba asiyoiona mtu mwingine. Anaamini kwamba ametenda kosa yeye. Anaogopa kuchapwa, kunyang'anywa simu, kuachishwa shule, kuozwa. Mhalifu anazijua hofu hizo, na anazitumia. Kadiri nyumba inavyokuwa kali juu ya aibu, ndivyo kazi yake inavyokuwa nyepesi, maana mtoto atavumilia lolote ili siri isifike sebuleni.

Maumivu yanayofika zahanati

Watoto wachache huja kituo cha afya wakisema, “Nimefanyiwa ukatili mtandaoni.” Huja na kichwa, tumbo, kukosa usingizi, kukojoa kitandani katika umri usiotarajiwa, kuzirai darasani. Huja na dalili za magonjwa ya zinaa, au kupimwa ujauzito. Wengine huja na majeraha ya kujikata, au baada ya kunywa sumu. Sonona, hofu na mawazo ya kujiua ni matokeo yanayojulikana ya ukatili wa kingono, na picha iliyosambaa huongeza uzito wake wa pekee: tendo lilikwisha, lakini mtoto hajui ni nani aliyeiona jana na nani ataiona kesho.

Tuchukue mfano wa kubuni, uliotungwa kwa ajili ya kufundishia. Binti wa miaka 15, mwanafunzi wa kidato cha pili, analetwa na shangazi yake kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Tumbo linamuuma na halali. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mkojo hauna tatizo. Ingekuwa rahisi kumpa dawa za maumivu na kumwita anayefuata. Muuguzi anaiona simu inayotetemeka mfukoni mwa sketi, na anaona jinsi binti anavyoshtuka kila inapotetemeka.

“Shangazi, naomba utupishe kidogo,” anasema. “Wasichana wa umri huu wote huwa nazungumza nao peke yao.”

Shangazi anatoka. Muuguzi anavuta kiti na kukaa, macho yake na ya binti yakiwa usawa mmoja.

“Mwanangu, hapa hukuja kulaumiwa. Yapo mambo ambayo nitalazimika kuwashirikisha watu wa kukulinda, na nitakwambia kwanza kabla sijafanya hivyo. Je, yupo mtu anayekutumia ujumbe unaokutia hofu, au anayekuomba kitu usichotaka kukitoa?”

Binti anatazama sakafu kwa muda mrefu. “Mama,” anasema hatimaye, “nikisema, ataituma.”

Maneno hayo matatu ndiyo utambuzi wa ugonjwa. Yanamwambia muuguzi kwamba kuna picha, kuna mtu, na kuna tishio linaloendelea sasa. Yanamwambia pia kwamba namna atakavyojibu katika dakika inayofuata itaamua kama binti huyu atasema zaidi au atafunga mdomo kwa miaka.

Kuuliza, kusikiliza, kutibu

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwahudumia watoto na vijana waliofanyiwa ukatili wa kingono. Msingi wake ni huduma inayomtanguliza mtoto: asikilizwe kwa faragha, aaminiwe, asilazimishwe kusimulia tena na tena, aelezwe kila kipimo kabla hakijafanyika, na matakwa yake yapewe uzito kulingana na umri wake.

Katika mfano wetu, jibu la kwanza la muuguzi liwe fupi: “Umefanya vema kuniambia. Kosa hili ni la aliyekutisha.” Kisha aulize mambo ya usalama. Je, mtu huyo anaishi karibu? Wamewahi kukutana ana kwa ana? Je, amemgusa? Kuna mtu nyumbani ambaye binti anamwamini? Je, amewahi kufikiria kujidhuru? Swali hili la mwisho haliwi sababu ya mtu kujiua. Humpa nafasi ya kutua mzigo.

Ikiwa kulikuwa na tendo la ngono, saa zina thamani. Dawa kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 72 baada ya tukio. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kuna pia tiba ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa asiyechanjwa, na uangalizi wa afya ya akili. Fomu ya polisi namba 3, maarufu PF3, ni muhimu kwa kesi na inapaswa kujazwa kwa makini na mwandiko unaosomeka. Lakini mtoto anayehitaji matibabu ya dharura asirudishwe barabarani kwenda kuitafuta wakati saa zinayoyoma. Matibabu yaanze, na fomu ifuate.

Lugha ya kumbukumbu za mgonjwa nayo ina uzito. Mwaka 2016 mashirika ya kimataifa yaliafikiana juu ya istilahi katika kile kinachojulikana kama Mwongozo wa Luxembourg, na kushauri kuacha kuziita picha hizi “ponografia ya watoto”, kwa kuwa neno hilo humfanya mtoto aonekane mshiriki katika biashara ya watu wazima. Ni picha za ukatili wa kingono dhidi ya mtoto. Vivyo hivyo, katika faili tusiandike kwamba binti “alikubali” au “alikuwa na mahusiano”. Tuandike alichosema kwa maneno yake mwenyewe, tulichokiona kwa macho yetu, na tulichofanya.

Ushahidi: hifadhi, usisambaze

Hapa ndipo watu wema hukosea zaidi. Picha au video ya mtoto inapovuja, kile ambacho vijana wa mtaani hukiita “koneksheni”, kwa saa chache huwa imezunguka kwenye makundi ya simu. Wengine huisambaza kwa uovu. Wengine huisambaza wakiandika chini yake: “Wazazi, angalieni watoto wenu,” au “Anayemjua binti huyu awaarifu ndugu zake.” Kwa mtoto hakuna tofauti. Kila anayeituma amemvua nguo upya.

Kwa sheria pia tofauti ni ndogo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha, kutoa au kurahisisha upatikanaji wa picha za ngono za mtoto kupitia mfumo wa kompyuta, na simu imo katika mfumo huo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Mhudumu wa afya anayejitumia picha hiyo kwenye simu yake “kwa ajili ya ushahidi”, au anayeirusha kwenye kundi la watumishi wenzake ili kuomba ushauri, anajiweka mahali pabaya na anamuumiza mgonjwa wake.

Njia salama ni hii. Simu ya mtoto isifutwe kitu, hata kama macho yanatamani kisionekane. Namba ya mtuhumiwa isizuiwe kabla ya kuandikwa. Ziandikwe kwenye karatasi: namba ya simu, jina la akaunti, tarehe na saa za ujumbe, na maneno ya vitisho. Ujumbe wa muamala wa fedha uhifadhiwe kwa uangalifu wa pekee, kwa maana huonyesha tarehe, kiasi na jina lililosajiliwa. Fedha ndogo ya “kula shuleni” imekuwa alama ya nyayo. Picha zenyewe zisinakiliwe wala kutumwa. Simu ikabidhiwe kwa askari wa Dawati la Jinsia na Watoto ikiwa na chaji, huku aliyeikabidhi akiandika nani ameipokea na saa ngapi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za namna hii kupokewa mahakamani, lakini hakimu atataka kujua zilihifadhiwa vipi na zilipita mikononi mwa nani.

Nani aarifiwe

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Inampa pia kila mwanajamii aliye na taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto wajibu wa kuitaarifu mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa Kagongwa, na kwa kata yoyote nchini, njia hiyo hupitia kwa Afisa Ustawi wa Jamii, mtendaji wa mtaa au wa kata, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, askari na afisa ustawi hukutana na mtoto mahali pamoja ili asilazimike kuisimulia aibu yake kwenye madirisha matatu. Ipo pia Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, ambayo haimtozi mpigaji chochote. Namba hiyo inastahili kubandikwa ukutani mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana kwamba anaisoma: mlangoni mwa choo, kwa mfano, kuliko juu ya meza ya mapokezi.

Familia nyingi hupendelea kumaliza mambo nyumbani. Mtuhumiwa huitwa, wazee hukaa, ng'ombe au fedha hutolewa, na mtoto huambiwa asahau. Suluhu hiyo haifuti picha, haimtibu mtoto, na haimlindi mtoto wa jirani, ambaye ndiye atakayefuata. Kosa la jinai halimalizwi kwa ng'ombe. Mhudumu wa afya, ambaye huheshimiwa na pande zote, anaweza kuwaeleza wazee jambo hilo kwa adabu na kwa uthabiti. Awaeleze pia kwamba katika makosa ya kingono sheria ya ushahidi inairuhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiwa imeridhika kwamba anasema kweli. Neno la mtoto lina uzito mbele ya sheria. Ni haki liwe na uzito mbele ya ukoo.

Neno kwa mzazi na mlezi

Mzazi aliyesoma hadi hapa huenda ameshaamua kuinyang'anya simu jioni hii. Tunamwomba angoje. Mtoto anapojua kwamba adhabu ya kusema ni kupoteza simu, atajifunza kutosema, na hilo ndilo mhalifu analolitaka. Waliohojiwa katika tafiti walieleza sababu zao za kunyamaza: hawakujua pa kwenda, waliona haya, waliogopa kuonekana wakosaji. Sababu zote hizo mzazi anaweza kuziondoa bila shilingi moja.

Mwambie mwanao leo, kabla ya tatizo lolote: “Mtu akikutisha kwa picha au kwa maneno, njoo kwangu. Sitakuchapa. Tutakwenda pamoja.” Mwambie binti, na mwambie mvulana vilevile. Muulize anaongea na nani kama unavyomuuliza alicheza na nani uwanjani. Ukimpa fundi simu, ondoa kwanza picha za familia au kaa naye hadi amalize. Ukiona mtoto ana bando au fedha ambazo hukumpa, uliza zilikotoka kwa sauti ya kutaka kujua, ukiiacha sauti ya mahakama kwa mahakama. Na kama huijui simu yenyewe, mwombe mtoto akufundishe. Bibi anayefundishwa na mjukuu wake kutumia simu amepata somo, na mjukuu amejua kwamba yupo mtu mzima anayeangalia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika wodi zetu msemo huo umewaokoa akina mama wengi walioshinda haya wakaonyesha walipoumia. Watoto hawawezi kuutumia msemo huo peke yao. Wanahitaji mtu mzima ambaye, wakimwonyesha, hatapiga kelele, hatawalaumu, na hatawapiga picha. Katika zahanati yenye foleni ndefu na wauguzi wachache, mtu huyo anaweza kupatikana kwa gharama ya dakika kumi, mlango uliofungwa, na swali moja lililoulizwa kwa upole.